Desemba Katika Mji wa Kapchorwa: Ngoma Ibaki, Kisu Kiwekwe Chini

Barabara itokayo Mbale kuelekea Kapchorwa hupita kwanza katika nchi tambarare, ikaviacha nyuma vituo vya Sironko na Muyembe, kisha hugeuka na kuanza kuupanda Mlima Elgon. Kila kona inapopitwa hewa hupoa. Chini hubaki uwanda mpana wa Teso na Karamoja, wenye joto na vumbi. Juu huonekana migomba, miti ya kahawa na mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa. Hapo Sipi, maji huanguka katika maporomoko matatu, na lile kubwa lina kimo cha meta zipatazo 100. Mbele kidogo ya Sipi, mwendo wa kilometa zipatazo 65 tangu Mbale, msafiri huingia Kapchorwa, mji mdogo ulio makao makuu ya nchi ya Wasabiny, ambao wengi huwaita Wasebei.

Katika miezi mingine ya mwaka mji huu ni mtulivu. Maduka hufungwa mapema kwa sababu ya baridi, na ukungu huteremka kutoka mlimani kabla ya jua kutua. Lakini mwezi wa Desemba unapoingia, mji hubadilika. Wanafunzi wamekwisha rudi kutoka shule za bweni. Watoto wa darasa la saba wamemaliza mtihani wao na sasa wanangoja majibu. Askari, walimu, makarani na wafanyakazi wa viwandani walioko Kampala, Jinja na Tororo wanapanda mabasi kurudi kwa wazee wao. Kila basi lifikalo hushusha magodoro, mabati, madumu ya mafuta ya taa na ya kupikia, na watoto waliozaliwa mjini ambao wanaiona nyumba ya babu yao kwa mara ya kwanza.

FEDHA YA KAHAWA

Sababu ya furaha hiyo si sikukuu peke yake. Wakulima wa mlimani hulima kahawa ya arabika, na mavuno yake makubwa huangukia miezi ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo Desemba ndiyo mwezi ambao mkulima hushika fedha. Katika kila ua buni zimeanikwa juu ya maturubai, na wasichana wadogo wamewekwa kulinda kuku wasizichakure. Punda, ambao Wasabiny huwatumia sana kuliko makabila mengi ya Uganda, hupita njiani wamebebeshwa magunia, wakiongozwa na vijana wenye fimbo.

Sokoni hakuna pa kukanyaga. Mafundi cherehani wamehamia barazani na kushona usiku na mchana, maana ni aibu kwa mzazi kumpeleka mtoto kanisani siku ya Krismasi na nguo ya mwaka jana. Wenye mabucha wameagiza ng'ombe. Majumbani akina mama wanachachusha ulezi na mahindi kwa ajili ya pombe ya kienyeji, ambayo wazee huinywa wakiwa wameketi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Pombe hiyo si kinywaji tu. Hapo chunguni ndipo mashauri ya shamba hukatwa, ndipo posa hujibiwa, na ndipo ndugu wawili walionuniana tangu Pasaka hulazimishwa kupeana mikono.

MWAKA WA TOHARA

Kila baada ya mwaka mmoja, Desemba ya Kapchorwa huwa na uzito zaidi. Katika miaka igawanyikayo kwa mbili, kama vile 2022 na 2024, Wasabiny hufanya tohara. Katika jambo hili wanafanana na jirani zao Wagisu wa Mbale, ambao nao hutahiri katika miaka hiyo hiyo, ila msimu wa Wagisu hufunguliwa mwezi wa Agosti.

Mvulana aliyekwisha tangaza kuwa yu tayari huzunguka kwa jamaa zake akiwaalika. Mjomba humpa mbuzi, shangazi humpa kuku au fedha, rafiki za baba yake humpa maneno. Nyuma yake hufuata kundi la vijana wa rika lake wakiimba. Usiku wa kuamkia siku yenyewe hakuna anayelala. Ngoma hupigwa, vumbi huruka, na wazee husimama mmoja mmoja kumweleza kijana wajibu wa mtu mzima: kuilinda mifugo, kuwaheshimu wakwe, kutomkimbia adui, kutoila peke yake fedha ya kahawa. Alfajiri, akiwa amesimama mbele ya watu wote, hutazamiwa asipepese jicho. Atakayetikisika husemwa kuwa amekililia kisu, na sifa hiyo mbaya humfuata maisha yake yote.

Siku hizi wahudumu wa afya huwasisitiza watahiri wa kienyeji watumie kisu kimoja kwa kijana mmoja na kuvaa glavu. Ngoma, zawadi na mausia ya wazee ni yale yale. Hata askari aliye mbali na nyumbani huomba ruhusa mapema ili asikose tohara ya mdogo wake.

ILIVYOKUWA KWA WASICHANA

Lakini sherehe hiyo ilikuwa na upande wa pili. Kwa vizazi vingi, wasichana nao walikeketwa katika Desemba hiyo hiyo, kwa ngoma zile zile na zawadi zile zile. Msichana alizunguka akiwaalika jamaa, alicheza usiku kucha, na alfajiri ngariba alimkata. Naye pia hakuruhusiwa kulia.

Msichana aliyekataa aliendelea kuhesabiwa kuwa mtoto, hata kama alikwisha olewa na kuzaa. Mwanamke asiyekeketwa hakuruhusiwa kupanda ghalani kuteka nafaka. Hakuruhusiwa kukamua ng'ombe wala kuzoa samadi zizini. Hakuruhusiwa kusema mbele ya mkutano wa wazee. Kwa mke wa mkulima na mfugaji, makatazo hayo yalikuwa kama kufungwa mikono, kwa kuwa kila asubuhi ilimpasa kumwomba mwanamke mwingine amtekee ulezi wa kuwapikia watoto wake mwenyewe. Ndiyo maana wako wanawake waliokwenda kwa ngariba wakiwa na watoto watatu au wanne, bila kushikwa na mtu yeyote, kwa kuchoshwa na dharau ya wifi na mama mkwe.

Madhara yake yanajulikana na kila mkunga. Wako waliovuja damu hata kufa. Wako walioingiwa na pepopunda. Kovu lililobaki halinyumbuki kama nyama ya kawaida, na wakati wa kujifungua huchanika au humzuia mtoto kutoka. Katika nchi ya milima, ambako zamani mgonjwa alichukuliwa kwa machela mpaka barabarani, kuchelewa huko kuliwaua mama na mtoto pamoja.

MWALIMU ALIYEKATAA

Watu wengi hudhani kuwa vita dhidi ya desturi hii vililetwa na wageni. Historia ya Kapchorwa yasema vingine. Mwaka 1988 baraza la wilaya lilipitisha azimio la kuwalazimisha wanawake wote wakeketwe. Waliokuwa wa kwanza kulipinga ni wanawake wa huko huko, na aliyejulikana zaidi kati yao ni Bi. Jane Frances Kuka, mwalimu aliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu cha Kapchorwa, ambaye mwenyewe alikuwa amekataa kukeketwa. Azimio lile halikudumu. Bi. Kuka aliendelea kuwafundisha walimu wanafunzi wake, nao wakaenda kufundisha katika shule za vijijini. Mwaka 1996 wananchi walimchagua kuwa Mbunge, na baadaye akawa Waziri wa Nchi. Mwanamke ambaye kwa desturi hakustahili kusema mbele ya wazee wa kijiji akawa akisema mbele ya taifa zima.

Wazee nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1992 ulianzishwa Umoja wa Wazee wa Sabiny, kwa nia ya kuutunza utamaduni wa kabila. Hapo ndipo swali gumu lilipowakabili. Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa, na hakuna mzee aliyetaka kuitwa mtumwa. Lakini wazee hao waliichambua mila yao jinsi mwanamke achambuavyo mchele. Kumheshimu mzazi wakaona ni mchele. Lugha ya Kupsabiny, ngoma, ukarimu kwa mgeni, na kumtangazia kijana mbele ya watu kuwa sasa amekua, navyo wakaona ni mchele. Kumkata msichana wakaona ni chuya. Mwaka 1996 ulipoanzishwa mradi ulioitwa REACH, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, wazee hao waliungana nao. Mwaka 1998 Umoja wa Wazee wa Sabiny ulitunukiwa Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Idadi ya Watu, heshima ambayo watu wa wilaya ndogo kama hiyo hawaipati kila siku.

SIKU YA UTAMADUNI

Katika kazi hiyo ilizaliwa Siku ya Utamaduni wa Sabiny. Shabaha yake ni rahisi kueleza: msichana asinyimwe sherehe. Wale walioanzisha mpango huu walitambua kuwa binti wa miaka kumi na mitano hakikimbilii kisu kwa kukipenda. Hukimbilia ile siku moja ambayo kabila zima humtazama, humpa zawadi na kumwita mtu mzima. Ukimnyang'anya siku hiyo na kumwachia matusi, ataitafuta kwa siri.

Kwa hiyo katika sherehe hizo nyimbo za kabila huimbwa na ngoma huchezwa, wazee huvaa mavazi yao, na michezo ya kuigiza huonyesha madhara ya kukeketwa. Wasichana waliofikia umri hupewa zawadi badala ya kukatwa, na mausia hutolewa hadharani kama yalivyotolewa zamani. Viongozi wa serikali na wa dini husema, na baada yao watu hula. Katika miaka mingine zimekimbiwa pia mbio ndefu za kupinga ukeketaji, na hapo Wasabiny hawahitaji kushawishiwa, kwa maana kukimbia ndiyo kazi waliyojaliwa.

WAKIMBIAJI WA MLIMANI

Mtu akiamka mapema Kapchorwa, hata siku ya sikukuu, atawaona vijana wakipanda mlima mbio kuelekea Teryet, mahali ambapo serikali iliamua kujenga kituo cha mazoezi ya wanariadha. Kutoka milima hii alitokea Stephen Kiprotich wa Jeshi la Magereza, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012 na kuiletea Uganda nishani ya dhahabu ya Olimpiki iliyokuwa imengojwa tangu 1972. Akatokea Joshua Cheptegei wa Jeshi la Polisi, ambaye mwaka 2020 alivunja rekodi ya dunia ya meta 5,000 mjini Monaco na ile ya meta 10,000 mjini Valencia, kisha akashinda dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021 na mjini Paris mwaka 2024.

Kwa wasichana, hata hivyo, jina linalotajwa zaidi ni la Peruth Chemutai wa Bukwo. Mwaka 2021, katika mbio za meta 3,000 za kuruka vizuizi na maji, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kushinda dhahabu ya Olimpiki. Mzazi wa Sebei akiulizwa leo ni lini msichana huwa shujaa, anaye wa kumtaja, wala haimlazimu kumtaja ngariba.

SHERIA NA MPAKA

Mwaka 2010 Uganda ilipata sheria ya kukataza ukeketaji. Amkataye mwanamke aweza kufungwa hadi miaka 10, na ikiwa aliyekatwa amekufa, amelemaa au ameambukizwa virusi vya UKIMWI, adhabu yaweza kuwa kifungo cha maisha. Kusema kwamba mwenyewe aliridhia si utetezi. Sheria hiyo pia inamlinda mwanamke asiyekeketwa dhidi ya wale wanaomtenga kwa ajili hiyo.

Hata hivyo askari aliyepangiwa kazi Kapchorwa, Kween au Bukwo katika Desemba ya mwaka wa tohara anajua kuwa karatasi ya sheria haipandi mlima peke yake. Sherehe zilizokuwa uwanjani zilihamia vichakani, mapangoni na usiku wa manane. Wengine huvuka mpaka, maana upande wa Kenya wako Wasabaot na Wapokot ambao ni ndugu zao kwa lugha na damu, na mtu anaweza kwenda kumsalimu shangazi asubuhi na kurudi jioni. Kenya nayo imeweka sheria yake mwaka 2011, lakini njia za miguu ni nyingi kuliko vituo vya polisi. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 habari zilienea kwamba wanawake wamekeketwa huko Kween, na polisi wakawakamata watu kadhaa.

Maofisa waliofanya kazi huko hujifunza mapema kwamba bunduki haifai kitu katika jambo hili. Atakayekwenda na kelele atakuta nyumba tupu. Anayeketi na wazee, akanywa chai, akawauliza habari za kahawa na za watoto, huyo huambiwa mambo. Mara nyingi mleta habari ni nyanya, ambaye mwenyewe alikatwa ujanani na hataki mjukuu wake apitie yale. Hapo lugha ya Kiswahili husaidia sana, kwani mlimani watu wengi huielewa, na askari aliyezaliwa Arua au Mbarara aweza kuzungumza na mzee wa Bukwo bila mkalimani.

SIKU YENYEWE

Krismasi inapofika, makanisa ya Kiprotestanti na ya Kikatoliki hujaa hata watu wengine wakasimama nje chini ya mikaratusi. Watoto hutazamana viatu. Baada ya ibada moshi huanza kupanda kutoka kila jiko, na hakuna mlango unaofungwa. Mpita njia huitwa ndani, awe Mkristo au Mwislamu, na akikataa kula atahesabiwa kuwa ana kinyongo. Siku ya pili ni ya mpira wa miguu, kijiji kwa kijiji, na ya kutembelea wakwe. Jioni baridi hukaza, na watu hujikusanya jikoni kuzunguka moto, ambapo nyanya husimulia jinsi Wasabiny walivyonyang'anywa ng'ombe na maadui wa uwandani, na jinsi walivyopanda mlima na watoto wao mgongoni.

Wakati huo huo kuna watu wasiokaa motoni. Askari wa zamu wako barabarani wakiwazuia madereva waliolewa wasiteremke Sipi kwa mwendo wa kasi. Muuguzi wa kike yuko wodi ya wazazi hospitalini. Mkuu wa kituo anasikiliza simu. Sikukuu ya mji mdogo husimama juu ya mabega yao, na jirani mwema huwakumbuka kwa bakuli la nyama na chupa ya chai.

FUNZO KWA KILA NYUMBA

Si kila msomaji ni Msabiny. Lakini kila kabila lina Desemba yake, na katika kila Desemba kuna binti anayetazama jinsi wakubwa wake wanavyompima. Askari aliye kambini asidhani kuwa jambo hili ni la mama na nyanya peke yao. Neno la baba lina nguvu, hata likiletwa kwa barua au kwa simu kutoka Karamoja au Somalia. Baba akisema wazi kwamba binti yake hatakatwa, na kwamba hatamwoza kwa mtu adaiye kukatwa huko, wifi hunyamaza na ngariba hupita mlango wa mbali.

Mama naye asingoje msichana aulizwe na wenzake. Amwandalie siku yake: nguo mpya, kuku mmoja, jamaa wachache, na wazee wawili watatu wa kumpa mausia. Gharama yake haizidi ya sikukuu yoyote, na mtoto atajua kuwa amekuwa mtu mzima kwa kauli ya watu wampendao.

Pale Kapchorwa kazi hiyo haijamalizika. Kila mwaka wa tohara unapokaribia, wazee, walimu, wachungaji na polisi huanza upya kwenda nyumba kwa nyumba, wakati kahawa ingali mbichi mtini. Ngoma itakapolia Desemba, wavulana watazunguka kwa wajomba zao kama babu zao walivyofanya. Wasichana watacheza uwanjani usiku kucha, na kutakapopambazuka watakwenda kisimani kuteka maji, wazima, wakicheka kwa usingizi.